Kuandika kwa sauti kwenye Google Docs: kunauwezaje mhadhara wa lugha mbili?

Ni zana ya bure inayogeuza usemi kuwa maandishi, na orodha yake ya lugha ina Kiswahili (Tanzania). Mwanafunzi wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) aliyechoka kurekodi mihadhara asiyoisikiliza hadi wiki ya mitihani lazima ashawishike.

Fungua hati kwa Chrome kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+Shift+S, chagua lugha juu ya alama ya maikrofoni, kisha ibonyeze hadi iwe nyekundu. Ukihamia ukurasa mwingine, inaacha kusikiliza. Sauti huchakatwa mtandaoni, kwa hiyo bando likikata, maandishi nayo yanakata. Ukikaa viti vya nyuma utapata zaidi kelele za feni. Maikrofoni ya kubana kwenye kola ya mhadhiri inasaidia kuliko kompyuta ya bei mbaya.

Kwa masomo ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili hapo Mlimani, yanayofundishwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, kazi yake inaridhisha. Istilahi za isimu uzipitie, na alama za uakifishaji uziweke mwenyewe: amri za sauti za nukta na mkato zipo kwa lugha chache, Kiswahili hakimo. Unapata aya ndefu isiyo na pumzi.

Shida iko kwenye kozi nyingine. Fasili, tuseme ya "opportunity cost" (unachokikosa ukichagua kingine), inasomwa kwa Kiingereza, kisha mhadhiri anageuka: "Yaani, hela ukiinunulia kitabu, chipsi yai umeikosa." Zana husikiliza lugha moja tu kwa wakati. Ukiiweka Kiingereza, sentensi ya chipsi, ambayo ndiyo iliyofungua somo, inatoka vipande vya maneno yasiyohusiana. Ukiiweka Kiswahili, fasili ndiyo inayoharibika. Kubadilisha lugha katikati haisaidii. Hadi umalize kubonyeza, mfano umepita. Tena kuna maneno kama "kuanalaizi" na "tumesampo" (tumechukua sampuli), kiambishi cha huku na mzizi wa kule, ambayo hayamo katika orodha ya upande wowote.

Kwa hili zana inafanana na sera ya elimu ya Tanzania ya 1995, iliyoandika Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia kuanzia sekondari kwenda juu kana kwamba darasa lina mdomo mmoja. Tume ya Makweta, tume ya rais kuhusu elimu, ilikuwa imependekeza Kiswahili hadi chuo kikuu tangu 1982, na sera ya 2014 ikaruhusu lugha zote mbili. Ukumbini mseto wa lugha haukuwahi kungoja ruhusa.

Njia inayofanya kazi ni kurekodi kwa simu, kisha kusema upya. Vaa spika za masikioni, sikiliza kipande kifupi, simamisha, rudia maelezo kwa Kiswahili kitupu mbele ya maikrofoni, na istilahi za Kiingereza uziandike kwa vidole. Usitarajie saa moja ya mhadhara iishe kwa saa moja. Istilahi inayokosewa kila mara irekebishe kwa Ctrl+H, lakini usibadilishe silabi fupi zote kwa mkupuo: amri hiyo hugusa hata katikati ya maneno, na Kiswahili kwa viambishi vyake kitavurugika hati nzima.

Darasa la Kiswahili: nyota nne kati ya tano. La lugha mbili: mbili, na ya pili ni kwa sababu haina gharama. Ruhusa ya mhadhiri iombwe kabla ya kuwasha chochote.