Nungwi au Paje, mkiwa na watoto wadogo?

Familia inayokwenda hoteli ya ufukweni mara ya kwanza, tena pamoja na marafiki, iangalie maji kabla ya bei ya chumba. Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa Unguja, bahari haipwi mbali. Mnaogelea karibu kutwa nzima. Ila kina huongezeka upesi, na mtoto asiachwe bila mtu mzima hata dakika moja. Paje, pwani ya mashariki, maji yakipwa, hasa siku za bamvua (mwezi mpevu na mwezi mwandamo), hurudi mbali kuelekea mwambani. Wakubwa wanaotaka kuogelea hukereka, lakini watoto hupata vidimbwi vya kuchezea na kuwaona kina mama wakilima mwani. Wavisheni viatu, mna miiba.

Kwa gharama naipendelea Paje, au Jambiani jirani yake: ni rahisi kukodi nyumba nzima, mkapika na kugawana. Nungwi inawafaa wasiotaka kushika sufuria.

Njia ya Paje hupita msitu wa Jozani, watoto wakaone kima punju, kima wekundu wa Zanzibar.

Wenye watoto wanaojua kuogelea waanze Nungwi. Wenye wanaotambaa waende Paje, wakiuliza kwanza saa za maji kujaa.