Meza ya raba za mtumba pale Karume: ndo zilizonifikisha 42 yangu ya kwanza

Tangu nirudi kutoka Moshi na medali ya mbio za kilomita 42 watu wananiuliza raba nimenunua wapi, na nikisema mtumba, soko la Karume hapa Dar, wanadhani nawaficha duka. Sijaficha mtu. Naandika yote hapa, meza ilivyo, mzee anavyouza, bei, mazuri na mabaya yake, maana ningekuta mtu kaniandikia hivi mwaka jana ningeokoa hela na wiki tano za kuchechemea.

Nilikotokea ni jogingi za mtaani Temeke, zile za Jumamosi mnakimbia mnaimba, kilomita 6 au 7, mnarudi mnakunywa supu. Kwa zile raba yoyote inatosha. Baadae nikakimbia kilomita 21 mara mbili, nikapata moyo nikajiandikisha 42 ya Kili, yaani Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ndo nikasema sasa ninunue raba za kueleweka. Nikaenda duka moja mjini, silitaji, nikauziwa raba mpya kabisa ndani ya boksi, elfu 90, nembo kubwa pembeni, nikahakikishiwa orijino. Haikuwa orijino. Soli ngumu kama ubao, wiki ya tatu ugoko unauma mpaka kupanda ngazi za ofisini, mi najiambia mwili haujazoea, naendelea tu, na hapo ndo nilipokosea sana. Ikaja mvua ya vuli, alfajiri tunakatiza Daraja la Tanzanite, ndo kwanza kilomita ya 14, nasikia kitu kinapiga lami, pa, pa, pa. Kuangalia chini soli ya mguu wa kulia imeachia kuanzia vidoleni mpaka katikati. Lile daraja lina kilomita moja tu na kidogo, lakini kulivuka kwa mguu mmoja wenye soli na mmoja hauna, na mvua ile, nilitamani kulia. Nilifika Coco Beach natembea, kiatu nimekizungushia kamba yake yenyewe ndo kisivuke.

Dada mmoja wa kwenye kundi letu akaniambia acha kulia na maduka, nenda Karume Jumatano asubuhi wanapofungua belo, ulizia mzee wa raba za mbio.

Meza yenyewe haina jina wala bango. Ukitokea upande wa barabara unapita kwenye nguo za watoto, unapita mashuka, ukianza kuona viatu vimepangwa kwenye turubai umekaribia. Wengine pale wanachanganya, raba, buti, viatu vya shule, ila mzee yeye ni raba za kukimbilia tu, jozi kama 40 au 50, zimeshapigwa brashi na kuanikwa kivulini. Nasisitiza kivulini, kwa sababu nilimkuta anamgombeza kijana wake aliyeanika mbili juani, anamwambia jua la Dar linakausha gundi, ukishamuuzia mtu kiatu cha namna hiyo umemuuzia matatizo. Mtu mwenye biashara yake iliyowahi kuteketea soko la Karume lilipoungua Januari 2022 akaanza upya kabisa, bado ana muda wa kugombana kuhusu gundi. Hapo hapo nilianza kumuamini.

Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mama, unakimbia umbali gani? Hakuuliza saizi, hakuuliza nina shilingi ngapi. Umbali gani, wapi, na mguu unauma wapi. Nikamwambia 42, Moshi, na ugoko. Akaniomba nivue viatu nilivyovaa, akaviweka juu ya ubao, akachuchumaa akavitazama kwa nyuma muda mrefu kidogo, akasema unaona kisigino hiki kimelalia ndani? Kweli kimelala. Nimevaa vile viatu mwaka mzima sijawahi kuviangalia kwa nyuma.

Sasa hii sehemu someni taratibu, hata kama hamtaenda kwake itawasaidia popote mnaponunua mtumba. Alichukua raba moja ya kijivu akaanza kuikagua mbele yangu. Kwanza kabonyeza sponji la pembeni kwa kidole gumba, likabonyea likarudi. Akachukua nyingine nzuri zaidi kwa macho, nyeupe inang'aa, kabonyeza, halibonyei, pembeni ina mikunjo myembamba kama ya ngozi ya mtu mzima. Hii imekufa, akasema, ing'ae ising'ae imekufa. Akaikunja ile ya kijivu, ikakunjika pale vidole vinapokunjikia, akasema ikikunjika katikati kama chapati iache. Akainusa! Kweli akaipeleka puani, maana kiatu kilichobandikwa upya kinanuka gundi. Halafu akafunua ulimi akanionyesha lebo, zipo ambazo zina tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu sponji linazeeka hata kiatu kikikaa boksini, na kuna soli za aina fulani ukiziweka miaka mingi kwenye unyevu, siku ukizivaa zinamomonyoka kama keki. Mwisho akachomoa soli ya ndani. Juu yake kulikuwa na alama ya mguu wa mtu, hafifu, kisigino kimejichora kidogo, kidole gumba hakijachora kabisa. Huyu alivaa siku chache akaacha mazoezi, mzee akasema, wewe utamalizia.

Nilikaa nikaiangalia ile alama. Mtu huko alikotoka, sijui Ujerumani sijui wapi, alinunua raba akitaka kukimbia kama mimi.

Pembeni niliona jozi yenye lile bamba gumu la kaboni ndani ya soli, la kusukuma mguu mbele, soli nene kama za wale tunaowaona kwenye tivii, elfu 120, saizi yangu, roho ikaruka. Mwenye duka yeyote angenipa haraka. Mzee akaniambia hapana mama, hizo zimetengenezwa kwa mtu anayekwenda mbio, sponji lake linachoka mapema na zimeshatumika, utabaki na bamba. Akarudisha chini. Kaacha elfu 120 akanipa ya 65 baada ya kupatana kutoka 80. Na hata hiyo 65 hakuchukua siku hiyo! Aliniambia nirudi jioni nikitoka kazini nijaribu tena maana mguu wa jioni ndo mguu wa kilomita ya 30, umevimba. Mi navaa 39, jioni ile 39 ilinibana vidole, nikachukua 40, kidole gumba kizima kinaingia kati ya ukucha na ncha ya kiatu.

Jambo la mwisho alilonifundisha ni kamba. Juu kabisa karibu na kifundo kuna tundu moja la ziada kila upande, miaka yote nilikuwa najua ni urembo. Akapitisha kamba kwenye lile tundu upande uleule ikafanya kitanzi kidogo, na upande wa pili hivyohivyo, kisha kamba ya kulia akaiingiza kwenye kitanzi cha kushoto, ya kushoto kwenye cha kulia, akavuta kuelekea chini taratibu mpaka kisigino kikatulia kabisa nyuma, halafu ndo akafunga fundo la kawaida. Akaniambia utaukumbuka ufungaji huu ukishuka kutoka Mweka, kule juu Moshi. Alisema mara moja tu na hakuongeza.

Anapenda riadha sana huyu mzee, ukimpa nafasi anakueleza mkimbiaji wetu wa zamani Juma Ikangaa alivyoshinda marathon ya New York 1989 kwa 2:08:01, na Boston mara tatu mfululizo akawa wa pili, 1988, 89, 90, na mzee anakwambia kabisa ile nafasi ya pili inamuuma mpaka leo. Siku ambayo Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia ya marathon Tokyo 2025, yeye na Mjerumani wa pili wote 2:09:48, wametenganishwa na picha ya kamera mstarini, mzee alifunga meza mapema akaenda kunywa kahawa na wenzake. Mi nilipata raha kununua kiatu kwa mtu anayejali hivyo.

Haya, raba zenyewe sasa. Kuanzia mwisho wa Novemba mpaka Februari nimezikimbilia karibu kilomita 600. Kampuni siitaji kwa sababu wewe ukienda hutakuta hizohizo, mtumba ni bahati. Wiki ya kwanza nilizivaa kilomita 4, 5 tu, ugoko ukaanza kupoa, wiki ya pili haukuuma tena ila nilikuwa nimekaa pia siku kadhaa bila kukimbia kwa hiyo sio kiatu peke yake. Mbio ndefu za Jumapili nilipanda pole pole, 18, 22, 26, narudi 20, 30, 32. Januari ndo mwezi mgumu kwa Dar, saa 11 alfajiri unatoka jasho limeshaanza hata hujakimbia, ikifika saa 1 barabara ya Bagamoyo ni joto na moshi wa magari, kwa hiyo lazima uwe umemaliza. Sie wanawake tulikuwa tunaungana watano getini kwa mmoja wetu, hakuna anayeanza peke yake gizani, hilo lisiruhusiwe kabisa. Na kwa kuwa Dar ni tambarare, vilima tulivitafuta Mlimani chuoni, tunapanda tunashuka mara nane, na mara mbili tukaenda Pugu. Kwenye mteremko wa Pugu ndo nilijaribu kushuka na ile kamba bila kitanzi nione tofauti, vidole vikagonga mbele nikasimama nikafunga upya.

Zikilowa jasho zinachukua siku mbili kukauka, hilo niliona ndo tatizo lake. Nilikuwa najaza magazeti ndani naziweka dirishani, sizianiki juani. Na mpira wa chini upande wa nje wa kisigino uliisha haraka kuliko nilivyotegemea.

Moshi sasa. Mbio za Kili zipo tangu 2003 na waliozoea watakwambia 42 yake inadanganya, mnatoka Uwanja wa Ushirika asubuhi, mnaenda tambarare upande wa barabara ya Dar, mlima unauona, mwili mwepesi, unataka kufukuzana na watu. Mnarudi mjini, halafu nusu ya pili ndo mnaanza kuupandisha kuelekea Mweka, migomba na kahawa huku na huku, watoto wanapiga makofi, akina mama wanasema pole mama pole, na barabara haiishi kupanda. Nilitembea sehemu tatu, nasema wazi. Nilipogeuza kule juu nikajua zimebaki kama kilomita 10 na zote zinashuka, watu kibao walifurahi wakaachia miguu. Mi nilikaa pembeni kwenye jiwe, mikono inatetemeka, nikavuta kamba chini mpaka kisigino kikakaa, nikafunga. Dakika moja nzima. Nikashuka nayo. Kaka mmoja tuliyepishana naye mara kadhaa njiani nilimkuta kwenye kilomita ya 38 amevua viatu, soksi imeloa damu kwenye vidole, tukapeana maji. Mimi malengelenge yalikuwa moja tu, dogo, kisigino cha kushoto. Masaa 5 na dakika 12. Nilivyoingia uwanjani sikuwa nasikia muziki wala mtangazaji, nilikuwa nasikia soli zangu.

Mabaya ya ile meza niyaseme pia. Hamna risiti, hamna kurudisha, ukishalipa umelipa, hela unamtumia kwa simu. Pa kukaa ni ndoo iliyogeuzwa. Saizi za wanawake ni chache mno, 36 na 37 unaweza kwenda wiki tatu mfululizo unakosa, na shemeji yangu anayevaa 46 naye alirudi mikono mitupu. Ukienda Jumamosi mchana utakuta zilizobaki na joto la kuchosha, na meza za jirani watakuvuta mkono na bei ya chini, wengine wazuri tu ila wengine wanapaka wino kwenye soli, kwa hiyo bonyeza, kunja, nusa. Usione aibu kunusa. Pia mzee haharakishwi, ukiwa na dakika kumi za mapumziko ya mchana usiende.

Kwa mwenye hela ya kununua mpya ya uhakika, laki 3 na nusu kupanda, sina neno, anunue. Ila kwa hela uliyonayo mfukoni na 42 mbele yako, mi sijaona pengine Dar pa kumshinda.

Wiki iliyopita nilimpelekea zilezile azione. Akazigeuza, akagusa pale mpira ulipoisha, akabonyeza sponji kwa kidole gumba akakishikilia hapo. Halikurudi. Akaniambia mama hizi sasa za kuendea sokoni tu, njoo Jumatano, belo jipya linafunguliwa saa 1.