Kompresa ya friza yangu ilivaa barafu, na gesi haikuwa tatizo

Nina duka la samaki na kuku Mbagala, na friza ya kusimama ya milango miwili, ile yenye feni ndani. Asubuhi moja naenda kufagia nyuma yake naikuta kompresa imevaa barafu. Si jasho, barafu hasa, nyeupe, imeanzia kwenye paipu nene ya kurudishia gesi ikashuka hadi tumboni mwa kompresa. Kwa ujinga wangu nikafurahi: leo inapiga baridi kweli! Kumbe ndani vibua vya rafu ya juu ukivibonyeza vinabonyea.

Fundi wa kwanza, wa mtaani kwetu, hakufungua kitu. Alishika paipu akasema, "Mama, gesi imepungua." Akajaza, elfu 60. Siku nne nikaona nafuu, ya tano barafu ikapanda juu zaidi. Akaja tena, akaongeza tena. Hapo ndipo kompresa ilipoanza kunguruma kama imemeza kokoto, na umeme wa LUKU uliokuwa unanifikisha wiki ukawa unakatika siku ya tano.

Fundi wa pili nilielekezwa na muuza barafu wa soko la samaki la Feri. Aliahidi Jumanne, akatokea Jumatano saa nane mchana. Kwa hilo nampunguzia nyota moja. Zilizobaki nne ni zake kwa haki. Hakuja na mtungi wa gesi mkononi. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Dada, feni ya ndani huwa unaisikia?" Sikuwa na jibu. Nani anasikiliza feni ya friza?

Akafunga geji ya kupimia presha ya gesi, ikasoma psi 20. Akabana kipimajoto kwenye paipu karibu na kompresa: nyuzi 24 chini ya sifuri. Akanieleza kwamba kwa R404A, aina ya gesi ya friza yangu, psi 20 ni gesi inayochemkia kwenye nyuzi kama 26 chini ya sifuri. Ikifika kwenye kompresa imepanda nyuzi 2 tu, basi haijamaliza kuchemka, inaingia ikiwa majimaji. Kompresa kazi yake ni kusukuma mvuke. Majimaji yanaosha oili na yanaweza kuvunja vali. Kokoto zangu ndizo hizo. Gesi ikipungua kweli, akasema, mambo huwa kinyume: koili ya ndani, yale mapaipu yanayotoa baridi, inaganda kule mwanzoni tu, na kompresa inakuwa ya moto.

Akafungua kava la ndani. Koili hata haikuonekana. Lilikuwa tofali la barafu, na panga za feni zimekwama humo humo. Hewa haipiti, joto la samaki haliifikii koili, kwa hiyo gesi inapita na kurudi kama ilivyoingia. Kabla hajayeyusha chochote alizungusha taima, ile saa ya kuyeyusha barafu, kwa bisibisi hadi ikalia *tak*. Kompresa ikazima, sawasawa, lakini hita ya kuyeyushia barafu haikuvuta umeme hata kidogo. Akaichomoa nyaya, akaiweka multimita: hita ya wati 600 kwenye volti 230 inatakiwa isome kama omu 88. Haikusoma kitu. Imekatika ndani, na unyevu wote wa Dar ulioingia kila nilipofungua mlango uliganda pale ukajilimbikiza.

Nilikuwa nimeshashika kisu cha kuparulia samaki. Akanidaka mkono: mabapa ya koili ni laini, paipu zake nyembamba, ukitoboa umeua friza. Mzigo tukauhamishia kwenye madeli, tukayeyusha kwa maji ya uvuguvugu na feni ya mezani, saa nne nzima, ndoo tatu za maji.

Kilichonikera zaidi kilikuja mwisho. Baada ya kufunga hita mpya aliivuta gesi yote kwenye mtungi wake akaipima kwenye mizani: gramu 910. Kibandiko cha nyuma ya friza kinasema 620! Nimelipa mara mbili kuharibiwa. Akavuta hewa kwa pampu, akajaza gramu 620 huku mtungi umegeuzwa kichwa chini, kwa sababu R404A ni mchanganyiko wa gesi tatu na ukiijaza kwa mvuke uwiano wake unaharibika.

Jumla elfu 185, hita ikiwemo. Hita si ya kiwandani, ilikuwa ndefu ikabidi aipinde, na risiti aliniandikia kwa mkono. Lakini geji iliposimama kwenye psi 15 alinionyesha, na kesho yake alipiga simu kuuliza samaki wameganda au la.

Sasa ni mwezi wa tatu. Kompresa ukiigusa ina joto, haina barafu, mngurumo umepungua ila haujaisha kabisa. Aliniambia huenda vali zimeshaumia na siku moja itakufa. Alibana pia noti ya elfu mbili kwenye mpira wa mlango wa kushoto, akaivuta, ikatoka bila kushikwa. Hewa inaingia hapo. Mpira nimeuulizia Kariakoo, wa saizi yangu sijaupata, kwa hiyo mlango huo kwa sasa naufunga kwa kamba.