Duka la kuombea chuo na mkopo Ngamiani, Tanga: polepole, lakini kwa mtoto mwenyewe

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa Julai, ni vigumu kupita Ngamiani bila kuona mlangoni pa duka la steshenari karatasi yenye maneno yaleyale: tunaombea chuo, tunaombea mkopo. Maombi yote siku hizi hufanywa mtandaoni, na si kila nyumba ina kompyuta wala mtu mwenye subira ya kujaza fomu ndefu kwa kidole kwenye simu. Mpwa wangu alipopata daraja la pili la pointi 11 katika tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, nilichukua siku mbili za likizo nikaenda naye, nikidhani kazi iliyobaki ni ya kuchapa tu. Tulijikuta tumepita maduka mawili, na tofauti iliyokuwapo baina yake ndiyo iliyonifanya niandike.

La kwanza silitaji. Kijana aliyetuhudumia alikuwa mwepesi ajabu: aliuliza namba ya mtihani, akauliza tahasusi, na aliposikia PCM akasema, "Basi hapa tunaweka uhandisi kote," akaanza kubofya bila kuinua uso. Ilipofika sehemu ya namba ya simu akaandika yake, akieleza kwamba wateja hubadilisha laini ovyo. Kisha akavuta daftari kubwa la kaunta lenye majina ya watoto wasiopungua arobaini, na mbele ya kila jina nikaona neno la siri lilelile moja. Hapo nikamwomba asimamishe. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, humtaka mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja tu, kwa kutumia namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Mwenye laini ndiye mwenye nafasi, na siku ya kuthibitisha mpwa wangu angekuwa anamsaka kijana yule mitaani badala ya kushika simu yake mwenyewe. Elfu kumi ya kianzio tuliyokwisha kutoa niliisamehe.

Duka la pili liko ndani zaidi, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Ni chumba chembamba chenye kompyuta tatu, mashine moja ya kutolea kopi, na benchi nje karibu na mama anayeuza kachori. Dada anayeliendesha aliniamkia, "Shikamoo baba," akanipa kiti, na baada ya hapo hakusema nami tena kwa muda wa karibu saa nzima. Alisema na mwombaji. Alimpa mwongozo wa udahili wa TCU alioutoa kopi na kuufunga kwa ringi ya plastiki, kurasa za uhandisi na udaktari zikiwa zimechakaa na kuingia madoa ya mafuta ya kachori, akamwambia akakae kwenye benchi, aandike kozi tano, na mbele ya kila kozi aandike masomo inayoyataka, idadi ya nafasi na miaka ya kusoma. "Ukirudi utaniambia na sababu." Nilikereka kidogo, nakiri, kwa kuwa nilikuja kulipia haraka na haraka ndiyo niliyonyimwa.

Aliporudi, kozi ya kwanza kwenye karatasi yake ilikuwa uhandisi wa petroli, jambo lisilomshangaza mtu yeyote aliyeishi Tanga katika miaka hii ya bomba la mafuta linaloishia kwetu Chongoleani. Dada hakumcheka wala hakumkataza. Alimuuliza bomba lina urefu gani, na mtoto akajibu bila kusita, kilomita 1,443.

"Mafuta yenyewe yanachimbwa wapi?"

"Uganda, kwenye Ziwa Albert."

"Na Chongoleani kutakuwa na nini?"

Mpwa wangu akafikiri. "Matangi, na gati la kupakilia meli."

"Mafuta yale ni mazito, yakipoa yanaganda kama samli, ndiyo maana bomba linapashwa moto kwa umeme njia nzima. Sasa pampu, matangi na huo umeme, mhandisi wa nini anaviangalia?"

Mimi niliyekuwa nikisoma habari za bomba hilo tangu lilipoanza kutajwa sikuwahi kulitazama kwa jicho hilo. Mtoto alichukua kalamu, akakata, akapanga upya: uhandisi wa mitambo kwanza, wa umeme pili, wa petroli tatu, ualimu wa hisabati na fizikia nne kwa msisitizo wa mama yake aliyekuwa kwenye simu, na takwimu tano. Uhandisi ni miaka minne na ualimu ni mitatu, na dada alihakikisha kwamba hata hilo limesemwa mbele ya mlipaji, yaani mimi. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuliiweka mbele, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata.

Nimeona niirefushe sehemu hii kwa sababu ndiyo huduma halisi niliyoilipia, ingawa haikuwamo katika bei iliyobandikwa ukutani. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi anaweza kuingia bila kutangaza fani na kuichagua kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Kwetu mtoto huchagua kozi kabla hajaliona geti la chuo, na kuhama baadaye kunategemea sifa zake na nafasi itakayokuwa imebaki kule anakotaka kwenda. Kujaza fomu kwenyewe kulichukua dakika ishirini, na aliyekuwa kwenye kibodi ni mpwa wangu. Dada alisimama nyuma yake, na ilipofika sehemu ya neno la siri akageuka akatazama barabarani.

Mkopo ulikuwa mrefu zaidi. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na kwa mtoto aliyefiwa na baba, kama huyu, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Uhakiki huo una siku zake, nasi hatukuwa tumeuanza. Dada alituambia wazi kwamba hawezi kuuharakisha, akatuombea uhakiki siku ileile na kutupa tarehe ya kurudi. Majibu yalipokuja, fomu ilichapishwa, ikapita serikali ya mtaa na kwa wakili, mimi nikasaini kama mdhamini, kisha kurasa zenye saini zikaskaniwa na kurudishwa mtandaoni. Kabla ya kubofya mara ya mwisho alimgeukia mtoto: "Deni hili ni lako, si la mjomba. Ukiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara." Nilipenda alivyolisema hilo nikiwa nimesimama palepale.

Kuhusu maandalizi ya mwaka wa kwanza alitoa ushauri wa bure ambao naupa uzito wa wastani, kwa kuwa mwingine ulikuwa kumbukumbu za siku zake. Alimwambia asinunue kompyuta mpakato kabla ya kuwauliza wa mwaka wa pili wa kozi yake wanatumia programu zipi. Abebe vyeti halisi pamoja na kopi, na asivitie kwenye begi la chini ya basi. Aombe nafasi ya bweni mapema, kwani anayechelewa huishia kubebana, yaani kulala wawili kwenye kitanda cha mmoja. La sapu, yaani mitihani ya marudio, alilitaja pia, kwamba wengi huzipata katika muhula wa kwanza kwa kudhani mhadhara wa watu mamia hauna anayewaona.

Kasoro zipo, na ndizo zinazonizuia kulipatia duka hili zaidi ya alama nane kati ya kumi. Umeme ulikatika mara mbili, nao hawana jenereta, hivyo tuliketi gizani tukila kachori. Kuskani ni shilingi 500 kwa ukurasa, bei ambayo ni ghali ukilinganisha na majirani. Risiti hutolewa kwa kuombwa tu. Tena dada ni mmoja. Msaidizi wake anajua kutoa kopi lakini ukimuuliza habari za kozi anakuelekeza kwenye benchi ungoje.

Anayekusudia kwenda aende kabla ya saa tatu asubuhi, kwa kuwa baada ya hapo foleni hufika kwa mama wa kachori. Achukue namba za mtihani za kidato cha nne na cha sita, picha ndogo, vyeti, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwombaji mwenyewe. Uhakiki wa RITA auanze hata kabla ya matokeo kutoka. Namba ya kuthibitisha ilimfikia mpwa wangu saa mbili usiku akiwa jikoni anasonga ugali. Alifuta mikono kwenye khanga, akaiingiza, na ugali ukaungua kidogo chini.