Wingfoili kwa upepo mdogo: ununue nini kwanza

Wingfoili ni mchezo wa majini: unasimama juu ya ubao na kushika bawa la kukamata upepo mkononi, na chini ya ubao kuna foili, yaani mlingoti wenye mabawa ndani ya maji yanayounyanyua ubao juu. Ukisimama ufukweni Paje, Zanzibar, wakati wa maleleji, kaskazi imeondoka na kusi bado haijashika, utakuta upepo wa noti 10 (noti ni kipimo cha kasi ya upepo), ukibahatika 13. Anayeanza huona hivyo akakimbilia bawa kubwa la mkononi. Nakusihi usianzie hapo. Upepo ukiwa mdogo, kinachokutoa majini ni foili na ubao. Nachukulia una kilo 75 hivi.

Fedha nyingi zaidi ziende kwenye foili. Chagua bawa la mbele lenye sentimita za mraba 1,800 hadi 2,200. Hilo hunyanyuka mapema, na likishanyanyuka halikurushi juu ghafla. Mlingoti uwe wa sentimita 70 au 75. Mrefu zaidi utagonga chini. Hata kwa huo, subiri maji yapite kiuno. Siku za bamvua maji yakipwa Paje, utatembea sana kabla ya kuyapata. Tena angalia vijiti vya mwani: foili ikipita pale inakata kamba, na ile ni kazi ya mikono ya akina mama wa pale. Zunguka mbali.

Sasa ubao, ambapo watu hukosea sana. Hesabu ya ujazo wake kwa lita ni uzito wako kwa kilo kuongeza 40, kwa hiyo lita 115.

Namba moja naupa ubao mrefu mwembamba, karibu futi 7 kwa inchi 24. Unateleza haraka, na unahitaji kupampu, yaani kuusukuma ubao juu na chini kwa miguu, kidogo tu ili unyanyuke. Siku mbili tatu za kwanza utayumba, vumilia.

Namba mbili ni ule mfupi mpana wa inchi 29 au 30. Kusimama juu yake ni rahisi mno, lakini unasukuma maji mengi, na kwa noti 11 unaweza kukaa saa nzima usinyanyuke. Kama una mwalimu wa kukuazima huo kwa wiki ya kwanza, azima, kisha ununue ule mrefu.

Namba tatu, ubao wa kujazwa hewa. Unafaa kusafiri nao, ila hujikunja katikati pale hasa unapopampu. Ubao mdogo wa lita 70 hata usiuguse mwaka huu.

Bawa la mkononi: mita za mraba 6 zinatosha. La 7 lina mabega mapana. Ukiwa bado umepiga magoti, ncha yake inagusa maji, inashika, na ubao wote unageukia upande huo. Nimeona wanafunzi wakilia kwa uchovu kwa sababu hiyo tu.

Helmeti na fulana ya kinga si za kuchagua. Kingo za foili hukata, na mwanzoni utaangukia karibu nayo kila mara. Kamba ya kukufunga kwenye ubao nayo ni lazima, na upepo ukitoka nchi kavu kuelekea baharini, usiingie.

Ukinunua vilivyotumika, mwambie muuzaji afungue parafujo zote za mlingoti mbele yako. Mlingoti wa alumini usiopakwa grisi huliwa na chumvi hadi parafujo zinang'ang'ania. Hata moja ikigoma kutoka, mrudishie foili yake.