Kiboksi cha Haki za Watoto: Kitabu Kizuri, Gundi Bomu

Haya wapendwa, karibuni tena, leo nipo sebuleni kwangu Tabata, hayo makelele ni bodaboda, mtanivumilia. Mliniomba sana nikicheki hiki kiboksi cha haki za watoto, nimekibeba Kariakoo kwa shilingi 18,000 na ndani kuna kitabu cha picha, manila za rangi, kimkasi butu, kalamu za rangi sita na gundi. Gundi niseme mapema, nimefungua imekauka jiwe. Nikapika uji mzito wa unga wa ngano, ukapoa, tukabandikia huo na umeshika vizuri tu.

Kitabu chenyewe kimefuata ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao sisi Tanzania tuliuridhia 1991, na humo kifungu cha 42 kinataka serikali iwafahamishe watu wazima na watoto wenyewe hizo haki. Watoto wenyewe, jamani! Sasa utamfahamishaje mtoto wa miaka sita, utamsomea vifungu 54? Ndo maana nikasema wacha nijaribu picha.

Ukurasa ulionibamba ni wa jina na uraia. Kuna mama kabeba kichanga mbele ya karani, halafu unaambiwa mtengeneze cheti cha kuzaliwa cha manila. Binti yangu alikuwa na mwenzake wa nyumba ya pili, ana miaka minane, basi nikatoa kwenye faili kile cha kweli cha RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi, ili wakiangalizie. Wakakata, wakaandika majina, dole gumba wakalipaka kalamu ya bluu wakagonga muhuri. Yule mgeni akashika kile cha kweli cha binti yangu, akakigeuza huku na huku, akaniuliza, "Anti, na changu cha kweli kipo wapi?" Nikabaki nakohoa. Jioni mama yake kaja kumchukua, dogo kamkabidhi kile cha manila: "Mama, hiki nimechora, kile kingine twende tukachukue." Mama mtu alianza kucheka, halafu akaniuliza taratibu kama najua inabidi aende na nini.

Ukurasa wa kusikilizwa, yaani kifungu cha 12, mnatengeneza maiki kwa lile boksi la katikati ya tishu. Wangu kashika maiki akatangaza kusuka Jumapili hataki, kichwa kinamuuma! Sasa kumsikiliza mtoto sio kwamba kila anachosema ndo kinapita, shule wanataka nywele zibanwe, ila tulikaa tukaelewana, mistari minne mikubwa badala ya ile midogomidogo, na msusi kaambiwa asivute.

Lawama zangu sasa. Kiswahili chake kigumu, eti "mtoto ana haki ya kushirikishwa katika masuala yanayomhusu", mtoto gani wa chekechea anaelewa hapo? Mimi nilikuwa nageuza, nasema "na wewe uulizwe". Ukurasa wa kucheza wamechora watoto wanarusha theluji, binti akadhani ni pamba za mto zimechanika. Si wangeweka rede, kombolela au hata mpira wa makaratasi? Na kikubwa zaidi, hamna hata mstari kuhusu Sheria ya Mtoto yetu ya 2009, wala namba ya bure ya kusaidia watoto, 116. Hiyo nimeiandika mwenyewe kwa maka pen nyuma ya jalada na binti ameshaikariri, anaiimba bafuni.

Kwa hiyo mimi nakipa saba kwa kumi, na hizo saba ni za michoro na zile kazi za mikono. Kama hela imebana azima kitabu kwa mwenzako, maboksi si yapo dukani kwa Mangi, uji wa gundi nimeshakwambia. Ukiamua kununua, pale pale dukani mwambie muuzaji akufungulie, uiminye gundi kwanza ndo utoe hela.