Krimu au kijani cha mgomba sebuleni?
Jamani nimepaka rangi zote mbili ukutani, kipande kipande, nikaziangalia wiki nzima kabla sijanunua ndoo, maana sebule yangu hapa Moshi ina dirisha moja tu na nje yake kuna migomba kwahiyo mwanga ni shida. Krimu inaurudisha ule mwanga mdogo, mwezi wa saba mawingu yakifunga mchana kutwa bado unaona vizuri bila kuwasha taa, ila huu udongo wetu mwekundu! Pembeni ya swichi kuna alama za vidole tayari, na kule chini mtoto anapoegemeza viatu ndo usiseme. Kijani kizito kinaficha hayo yote, na jioni taa ya njano ikiwaka kinapendeza mno, kochi la kahawia linatulia kabisa, lakini mchana kinameza mwanga chumba kinaonekana kidogo, halafu fundi anasema kinataka mikono mitatu, yaani kupakwa mara tatu, wakati krimu miwili inatosha. Mi nachukua krimu ya silki, ile unafuta na kitambaa chenye maji uchafu unatoka, kijani nakiweka ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya tivii.